Maji yanavuja: maswali tunayoulizwa kila masika Nairobi

Sisi ni mafundi wa kuziba panapovuja, na simu zetu huanza kulia wiki ya pili ya mvua. Wiki ya kwanza watu huweka sufuria chini ya tone na kungoja. Wiki ya pili sufuria zimekwisha. Maswali haya ndiyo tunayojibu kuanzia Umoja hadi Kitisuru, kwa wapangaji, kwa waliojijengea, na kwa wale wachache wenye kidimbwi cha kuogelea nyuma ya nyumba. Tumeyapanga kuanzia paa kushuka, ingawa maji yenyewe hayafuati mpangilio wa mtu.

Dari yangu ina doa la kahawia. Nipake rangi nyeupe yaishe?

Bado. Doa ni mahali maji yalipochokea, si mahali yalipoingilia. Maji yakipenya kwenye bati hushika boriti, yakateremka nayo mita mbili au tatu, yakakutana na msumari, na hapo ndipo yanapoiangukia dari. Ukipaka rangi leo, doa litarudi baada ya mvua mbili, tena na pete mpya kuizunguka ile ya zamani. Ukikuta dari yenye pete tatu, ujue kuna watu walionunua rangi pale ambapo walitakiwa kununua msumari.

Panda darini mchana wa jua, zima tochi, tulia kidogo macho yazoee giza. Tundu la bati litang'aa kama nyota. Litie alama ya chaki, kisha fuata boriti kushuka hadi juu ya doa uone kama njia ya maji inafika hapo. Isipofika, hilo ni tundu jingine, na lako bado hujalipata. Doa likishakauka kabisa, lipake kwanza praima ya mafuta. Rangi ya maji peke yake huuvuta ule ukahawia ukajitokeza tena.

Nitajuaje kama ni mvua au ni bomba?

Mvua huvuja kwa msimu, bomba huvuja hata Januari. Ukiwa na shaka, uliza mita. Acha tangi lijae hadi boya lifunge, kisha usifungue mfereji wowote na utazame kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapotea kati ya mita na tangi, au boya lenyewe halifungi. Kikitulia, funga valvu ya kuingiza maji tangini, tia alama ya kimo cha maji usiku wakati wa kulala, na uangalie alfajiri kabla mtu hajaenda chooni. Kimo kikishuka, kuna bomba la ndani linalovuja.

Jaribio la mita lifanye siku ya maji ya mtaa wako. Siku ambayo zamu ya mgao iko kwingine, kigurudumu hakitazunguka hata bomba liwe limekatika vipande viwili. Tumeshaitwa na watu walioapa hawana tatizo kwa sababu walipima Jumatatu, na maji yao huja Alhamisi.

Matundu kwenye mabati yazibwe kwa kitu gani?

Si kwa simiti. Tunaona mabaka ya simiti juu ya mabati kila wiki, na kila wiki tunayabandua kwa mkono. Bati hutanuka jua likipanda na kunywea usiku. Simiti haitanuki nalo, inapasuka, maji yanaingia chini yake na kukaa humo yakilila bati polepole.

Angalia kwanza misumari. Kwenye mabati ya migongo, msumari hupigwa juu ya mgongo, si kwenye bonde maji yanakopita. Fundi aliyepiga bondeni alikuachia kazi ya maisha. Angalia na vile vimpira vilivyo chini ya kofia za misumari na skrubu: jua letu la hapa mlimani huvikausha vikawa vigumu kama ganda, halafu vinapasuka. Tundu la msumari lililopanuka huhitaji skrubu nene zaidi yenye kimpira kipya, basi.

Tundu la ukubwa wa sarafu huhitaji kiraka cha bati lenyewe. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, futa vumbi, paka silanti chini ya kiraka, kifunge kwa riveti. Ukingo wa juu wa kiraka uingie chini ya bati la juu kila inapowezekana, ili maji yapite juu yake badala ya kupita chini yake. Kwa nyufa na maungio, tandaza kitambaa cha nyuzi za kioo katikati ya tabaka mbili za mpako wa paa. Lami na gunia hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo, ila usizipake kwenye bati lenye unyevu, na usizipake kama maji ya paa hilo unayakinga kwa kunywa.

Neno moja kuhusu silikoni. Ile yenye harufu kali ya siki hula mabati yaliyopakwa zinki. Omba hadiwea wakupe isiyo na harufu hiyo. Na silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, kwa hiyo ukitaka kurudia, kwangua yote kwanza. Bati likishakuwa kama chujio, acha viraka ununue bati.

Paa letu ni la asbestosi. Tuzibe vipi?

Msitoboe, msikwangue, msipande juu. Vumbi lake huharibu mapafu. Kazi hiyo hufanywa na watu wenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na sisi tukipigiwa simu huwaelekeza kwao.

Slabu ya juu ya ghorofa inavuja. Fundi anasema amwage simiti nyingine juu.

Anaongeza uzito na bado hajaziba. Slabu tambarare huvuja kwa sababu maji yamesimama juu yake yakatafuta ufa, au yamepita pembeni pale slabu inapokutana na ukuta mdogo wa kuzunguka paa. Siku moja baada ya mvua panda uone madimbwi yalipo. Fagia, zibua matundu ya kutolea maji (tumetoa humo viatu vya watoto, majani, na mara moja mpira mzima), kisha ungoje mvua nyingine kabla ya kutumia shilingi. Slabu nyingine huishia hapo.

Ikiendelea, unahitaji ule utando wa lami unaounganishwa kwa moto wa gesi, wenye unene wa milimita 4 hivi. Vipande vyake vipandane sentimita 10 au zaidi, na pembeni upande ukutani kama sentimita 15. Slabu iwe kavu kabisa. Moto juu ya slabu yenye maji hutengeneza mvuke, mvuke hunyanyua utando kama chapati, na chapati hiyo itapasuka. Kwa sababu hiyo kazi hii ni ya Januari, Februari au Agosti. Kila Aprili tunakataa pesa za watu wasiopenda kusikia hivyo.

Nyufa za ukutani narudia kuzijaza kila mwaka na kila mwaka zinarudi. Nakosea wapi?

Unaishi wapi? Jibu likiwa Syokimau, Kitengela, Embakasi au South C, huenda kosa si lako. Huko kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kufaa hupanda na kushuka pamoja nao. Ufa wa namna hiyo unapumua. Ukiujaza fila ngumu au simiti wakati wa kiangazi, masika yatakuja kuufunga kwa nguvu na kuuvunja kandokando.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Wazee hawakusema tuuzibe kwa kitu gani, wala kwamba tuuchunguze kwanza. Piga mistari miwili midogo ya penseli kuukata ufa, pima nafasi iliyo kati ya kingo, andika tarehe pembeni. Rudia kila mwezi, ukipita masika na kiangazi. Usipobadilika, ulikuwa ni wa plasta kunywea: upanue kidogo kwa ncha ya patasi, lowesha, jaza, piga msasa. Ukibadilika kidogo kwa msimu, tumia silanti laini ya akriliki inayokubali rangi. Silikoni haipakiki rangi, utabaki na mstari unaong'aa ukutani. Ukiendelea kupanuka tu, au ukiwa unapita kwa ngazi kwenye maungio ya mawe na mlango umeanza kukwama, weka fila chini umwite mhandisi wa majengo. Huo si ufa wetu tena.

Nahama mwisho wa mwezi. Ukuta una matundu ya misumari na nataka dipositi yangu. Dawa ya meno inafaa?

Inafaa hadi keateka apitishe kidole. Dawa ya meno hukauka, ikanywea na kuacha kishimo, na ile ya rangi ya kijani tusiizungumzie. Nunua fila kidogo ya ndani, ambayo hadiwea nyingi za mtaani hupima kwa kilo. Ng'oa msumari kwa kuuzungusha, usiuvute ukaja na plasta. Jaza fila ipite kimo cha ukuta kidogo, maana itanywea, acha ikauke, piga msasa laini, paka rangi. Rangi ndiyo shida: nyeupe za Nairobi ni nyingi kuliko matatu. Muulize mwenye nyumba alitumia ipi kabla hujanunua.

Tundu la ngumi kwenye ukuta wa mawe hujazwa kwa mota ya simiti moja kwa mchanga mara nne, kwa tabaka mbili, na ukuta uloweshwe kwanza ili usinyonye maji ya mota. Kwenye dari ya jipsamu, kata tundu liwe mraba, pitisha kipande cha mbao nyuma yake, kifunge kwa skrubu, kisha funga kiraka cha jipsamu kwenye mbao hiyo. Maungio yafunikwe kwa tepu ya nyavu kabla ya fila, la sivyo mraba wako utaonekana daima.

Maji yanatoka kwa jirani wa juu, naye anasema kwake hakuvuji.

Anasema kweli. Kwake hakuvuji, kunavuja kwako.

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi mwingi zaidi kwenye maghorofa, na sisi wenyewe limetuaibisha. Kule Kilimani tuliziba dari ya bafu ya mteja mmoja mara mbili. Mara ya tatu nikapanda juu nikamwomba mama wa pale aniruhusu kujaribu sakafu yake. Akaniambia, "Fundi, hapa pamekauka, angalia mwenyewe." Pamekauka kweli. Tukaziba tundu la maji machafu kwa kitambaa kilichofungwa nailoni, tukajaza sakafu ya bafu maji ya kina cha sentimita 2, tukatia alama ya penseli kwenye kigae, na kumwomba asiogee humo hadi kesho yake. Asubuhi maji yalikuwa nusu. Mteja wa chini alikuwa ameshanipigia simu saa kumi na moja.

Fanya jaribio hilo kabla ya lolote, na mtu wa chini awe macho. Kimo kisiposhuka, tatizo ni bomba la ukutani au shingo ya choo. Kikishuka, ni sakafu, na hapo watu hukimbilia kupaka grauti mpya, ile inayojazwa katikati ya vigae. Grauti ya simiti haizuii maji. Kinachozuia maji ni mpako ulio chini ya vigae, na kama haukuwekwa wakati wa kujenga, vigae vitang'olewa. Zipo dawa za kupaka juu ya grauti zinazosaidia kwa muda. Tunaziuza, na tunamwambia mteja kwamba ananunua muda. Pembe za sakafu na ukuta zijazwe silikoni, si grauti, kwa sababu hapo panacheza.

Bomba limepasuka saa nane usiku.

Funga valvu kuu. Hujui iko wapi? Acha kusoma, nenda uitafute sasa wakati hakujapasuka kitu.

Ukishafunga, kausha bomba, likaze kwa blada (ukanda wa mpira wa tyubu) ukivuta kwa nguvu kila mzunguko, ukianzia sentimita chache kabla ya tundu na kumalizia mbele yake. Itafika asubuhi. Isiwe ndiyo dawa ya mwaka, ingawa tumekuta blada zenye umri wa mtoto wa darasa la tatu. Bomba la plastiki la PPR haligandishwi kwa gundi yoyote. Hukatwa na kuunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260. La milimita 20 hushikwa motoni sekunde 5 tu, kisha husukumwa bila kuzungushwa. Maji yakiendelea kudondoka, kiungo hakitashika. Mafundi wengine husokomeza mkate mweupe ndani ya bomba, unanyonya matone hadi kazi iishe, kisha maji yanausukuma nje. Kwenye nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma, tundu moja la kutu ni taarifa ya mengine yanayokuja.

Choo kinatiririka kidogo kidogo. Ni hasara kweli?

Ni hasara. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ungoje nusu saa bila kuvuta. Rangi ikitokea chini, mpira wa ndani umechakaa. Ni kitu cha bei ya nauli.

Tangi la plastiki juu ya paa lina ufa. Silikoni?

Hapana, wala gundi ya kawaida. Plastiki ya matangi hayo ni polithini, na karibu hakuna kinachoishika. Huunganishwa kwa joto, kwa kuyeyusha kipande cha plastiki ya aina ile ile, na ufa utobolewe kitundu kidogo kila mwisho ili usiendelee kukimbia. Ufa ukiwa chini karibu na kitako, ambako uzito wote wa maji unasukuma, sisi hatuahidi. Na utazame tangi limekaa juu ya nini: kitako kisichokaa sawa ndicho kilichopasua la kwanza, na kitapasua la pili.

Ukuta unalowa kutoka chini na kutoa unga mweupe.

Unga ni chumvi iliyobebwa na maji ya ardhini. Toka nje kwanza. Mara tisa kati ya kumi tunakuta bustani, matofali ya kutandika uani au mchanga wa ujenzi umerundikwa ukutani ukapita ile nailoni ya kuzuia unyevu, au gata linamwaga hapo hapo. Ondoa, ungoje miezi. Rangi ya mafuta huufungia unyevu ndani, nao hupanda juu zaidi.

Kidimbwi changu kinapungua maji. Ni jua au kinavuja?

Siku ya jua kali Nairobi, kidimbwi kilicho wazi kinaweza kupoteza milimita 4 hadi 6 kwa mvuke peke yake, Julai pungufu, na kikiwa cha maji moto, zaidi ya hapo. Kwa hiyo usihesabu kwa macho, tumia ndoo. Weka ndoo kwenye ngazi ya kidimbwi ikiwa na jiwe ndani isielee, ijaze maji ya kidimbwi hadi kimo cha ndani kilingane na cha nje. Tia alama pande zote mbili. Funga boya la kujaza maji, kataza watoto, ungoje saa 24 zisizo na mvua. Jua huvuta ndoo na kidimbwi sawasawa. Kidimbwi kikishuka kupita ndoo, kinavuja.

Hesabu uone ukubwa wa hasara: kidimbwi cha mita 10 kwa 5 kikishuka sentimita moja kimepoteza lita 500.

Rudia pampu ikiwa inafanya kazi, kisha ikiwa imezimwa. Kikishuka zaidi pampu ikiwaka, shuku bomba la kurudisha maji. Pampu ikivuta hewa na kutoa mapovu, shuku upande wa kufyonza. Kikishuka hadi mahali fulani na kusimama, asante Mungu, kwa sababu tundu liko kwenye mstari huo: skima (ule mdomo wa pembeni unaofyonza takataka za juu ya maji), taa, au mdomo wa bomba.

Nitalionaje tundu lenyewe?

Zima pampu maji yatulie. Nunua bomba la sindano, lisilo na sindano, kwenye duka la dawa, ulijaze rangi ya chakula, uingie polepole bila kutibua maji. Toa rangi kidogo kidogo karibu na sehemu unayoshuku. Penye tundu, rangi itavutwa kama moshi unaoingia dirishani. Anza na pale plastiki ya skima inapoungana na zege. Hapo ndipo tunapopata mengi. Fuatia taa, hasa bomba la waya nyuma yake, ila zima umeme wake kwenye bodi kabla hujagusa maji.

Naweza kuziba bila kumwaga maji?

Tundu dogo, ndiyo. Kuna epoksi ya chini ya maji yenye sehemu mbili: zikande pamoja hadi rangi iwe moja bila mistari, sugua ufa kwa brashi ya waya utoe utelezi, kisha sindilia kwa kidole gumba. Ufa mpana zaidi huchimbwa uwe mpana ndani kuliko mdomoni, ukajazwa saruji ya kugandisha haraka. Changanya konzi moja kwa wakati. Hugandia mkononi ndani ya dakika tatu hadi tano.

Fundi anataka kumwaga maji yote aone vizuri. Ni Aprili.

Mkatalie. Maji yaliyo ndani ndiyo yanayokikandamiza kidimbwi chini. Masika, ardhi ikiwa imejaa maji, ukikimwaga kinaweza kusukumwa juu kama mtumbwi, hasa kile cha nyuzi za kioo, na cha zege kikapasuka sakafu. Kwa wastani wa kina cha mita 1.5, kile cha 10 kwa 5 kina lita 75,000. Bauza ya lita 10,000 itakuja safari nane kukujazia tena. Ngoja kiangazi, na hata hapo aulizwe kama kuna valvu ya kutoa shinikizo sakafuni na kama anajua inavyofunguliwa. Akikuuliza "valvu gani?", mpe chai mwagane.

Kidimbwi cha watoto cha kupuliza kimetoboka. Gundi ya baiskeli?

Haishiki vizuri, ni ya mpira na hiki ni cha PVC. Tafuta gundi ya PVC na kiraka cha plastiki hiyo hiyo, safisha kwa spiriti, kandamiza usiku kucha chini ya debe la maji.

Panya wametoboa ukuta chini ya sinki. Nayo mnaziba?

Hata hiyo. Sokomeza stilwulu ile ya kusugulia sufuria hadi tundu lijae, kisha funika kwa mota. Ukiweka mota tupu, watarudi wiki hiyo hiyo, na sisi tutarudi wiki inayofuata.